Mbona hukusema siku zote?

Afande alikuwa mtu mwema. Naanza na hilo kwa makusudi, kwa kuwa makala za namna hii huwa na askari mkorofi, na yule hakuwa mkorofi. Alimsogezea yule dada kiti, akarudishia mlango wa kile chumba cha Dawati la Jinsia na Watoto chenye meza moja na feni isiyozunguka, simu yake akailaza kifudifudi. "Haya mdogo wangu. Hapa ni mimi, wewe na huyu kaka uliyekuja naye. Kama hutaki awepo, atatoka." Dada akasema nibaki. Akaanza kueleza.

Ilikuwa mwaka 2004, Mbagala, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 9, mama yake kamleta mjini akae kwa shangazi apate kusoma. Mhusika ni mume wa shangazi. Sitaandika zaidi ya hapo, na hata haya hayatoshi kumtambulisha mtu. Mbagala ni kubwa na kina shangazi ni wengi. Alieleza kwa dakika kama 40 bila kulia, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Afande hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, afande alivuta fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka mtu kwa daktari, akajaza jina, jinsi, umri: 30. Akashuka hadi sehemu ya daktari. Kalamu ikabaki hewani. Miaka 21 imepita. Daktari akatazame nini? Akaifunika kalamu. Ndipo akauliza, kwa upole ule ule alioanza nao: "Lakini mdogo wangu, mbona hukusema siku zote?"

Najitolea kama msaidizi wa kisheria, na swali hilo nimelisikia kwa watu wa kila namna: mama mzazi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mchungaji, wakili wa utetezi, hakimu. Wote huliuliza kana kwamba limeandikwa mahali fulani kwenye sheria. Halijaandikwa. Sheria ya jinai ya nchi hii ina matatizo yake na nitayataja, lakini kwa mtu mzima aliyeumizwa utotoni iko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani, wakiwemo baadhi ya wanaoisimamia. Anayekuja na jambo la miaka 20 iliyopita mara nyingi hurudishiwa hapo mezani, kwa swali hilo, kabla sheria yenyewe haijafunguliwa.

Tuifungue basi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo mahakamani wote wanaiita SOSPA, inasema mwanamume anayemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, msichana awe amekubali au hakukubali. Adhabu haipungui miaka 30 jela. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Kumlawiti mtoto wa chini ya miaka 18 ni maisha vilevile. (Sheria hiyo ina doa moja kubwa: inamwacha nje mume wa msichana wa miaka 15 na kuendelea. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Hiyo ni makala nyingine.) Soma vifungu hivyo mwanzo hadi mwisho, hutakuta mahali paliposemwa kwamba kosa linakufa baada ya miaka 5, 10 au 20. Jamhuri inaweza kumshtaki mzee wa miaka 70 kwa alichokifanya akiwa na 40. Mpaka uliopo ni wa Katiba, ibara ya 13(6)(c): huwezi kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda, wala kumpa adhabu kali kuliko iliyokuwepo wakati huo. Aliyetenda mwaka 1995 atapimwa kwa sheria ya 1995. Wa 2004 yumo ndani ya SOSPA miguu yote miwili.

Wenzetu wa Afrika Kusini walikuwa na ukuta tusiokuwa nao sisi. Sheria yao ya mwenendo wa jinai ilikuwa inafuta baada ya miaka 20 makosa ya kingono yasiyofikia kubaka. Watu wazima wanane waliodai kudhalilishwa na tajiri mmoja wa Johannesburg wakiwa watoto, miaka ya 1970 na 1980, walilazimika kupanda hadi Mahakama ya Katiba, na Juni 2018 mahakama hiyo ikakitupa kifungu kile. Tajiri mwenyewe alishafariki mwaka uliotangulia. Watu wale walitumia miaka ya maisha yao kubomoa ukuta ambao hapa kwetu haukuwahi kujengwa, na bado sisi tunawarudisha watu mlangoni.

Kinachowarudisha ni namna tunavyousoma ushahidi. Kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani, uliochapishwa kwenye ripoti za kesi za mwaka 2002, unaonukuliwa katika rufaa za jinai mpaka karatasi zimechakaa. Unasema, kwa maneno yangu, kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema kunaongeza uzito wa ushahidi wake, na kwamba kuchelewa kumtaja bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama makini ijiulize. Kwa jambazi aliyeonekana usiku kwa mwanga wa kibatari, ni kanuni nzuri. Ulimtambua? Basi kukicha mtaje. Lakini mtoto wa miaka 9 amtaje kwa nani? Kwa shangazi, ambaye unga wa nyumba nzima unanunuliwa na huyo huyo anayetajwa? Kwa mama aliye mkoani, kupitia simu ya nani?

Uzito wote wa uamuzi ule umekaa kwenye maneno mawili: bila maelezo. Mahakama haikusema kuchelewa ni uongo. Ilisema kuchelewa kusikoelezwa kunatia shaka. Mawakili wa utetezi huyameza maneno hayo mawili, kazi yao ndiyo hiyo na siwalaumu. Ninaowalaumu ni sisi tunaoandaa kesi na kuwaacha wayameze. Nimesoma maelezo ya mashahidi yaliyoandikwa vituoni ambamo tukio limechukua kurasa tatu, na sababu ya ukimya imechukua mstari mmoja: "Sikusema kwa sababu niliogopa." Kwa kesi ya miaka 20 nyuma, mstari ule ndio uliotakiwa kuchukua kurasa tatu. Nani alikuwa akilala wapi. Nani alilipa ada na sare. Mtoto aliambiwa nini akisema, kwa maneno gani. Nani mwingine aliwahi kusema jambo mle ndani, na alifanywa nini.

Kwa yule dada kuna jambo jingine, na hili alilisema tukiwa njiani tu, kama kitu cha pembeni. Mwaka ule wa 2004 jiji zima lilikuwa na kesi moja midomoni. Wanamuziki waliopendwa sana walikuwa wameshtakiwa kwa kuwabaka na kuwalawiti wanafunzi kumi wa shule ya msingi, kule Sinza; Juni 2004 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani na kuwapa kifungo cha maisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wawili kati ya wanne na kuthibitisha hatia ya wawili. Desemba 9, 2017, siku ya Uhuru, Rais Magufuli akawasamehe hao wawili. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikasema baadhi ya haki zao za kusikilizwa ipasavyo zilivunjwa wakati wa kesi. Siihukumu upya kesi ile, na majina siyaandiki kwa kuwa kila mtu anayo. Ninachokitaka ni kile alichokisikia mtoto wa miaka 9 pale Mbagala, akiwa ameketi sakafuni na watu wazima wameizunguka redio: "Hao watoto wamefundishwa." "Mtoto wa siku hizi muongo." "Kuna mtu anawatumia." Watoto kumi walikuwa wamesema, na nyumbani kwao yeye maneno yaliyofuata yalikuwa hayo. Aliyeyasema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mume wa shangazi.

Hayo ndiyo maelezo, na katika fomu ya polisi hayakuwa na sehemu ya kuandikwa.

Siku ya msamaha ile nilikuwa kwenye baa moja Sinza yenyewe, televisheni imefunguliwa, watu wanashangilia na kumwagiana bia. Nami nilipiga makofi kidogo. Nilizipenda zile nyimbo. Ilinichukua siku mbili kujiuliza wale wasichana kumi, ambao kwa wakati ule walikuwa wanawake wa miaka 20 na kitu, waliizimaje televisheni siku ile. Sikuona gazeti lililowauliza, na pengine ni heri.

Ukimya si kitu cha ajabu kiasi cha kuhitaji kuulizwa kwa mshangao. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa 2011, ukihusisha serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 wamefanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Kati ya wasichana hao, karibu nusu tu walimwambia mtu yeyote. Mtu yeyote, pamoja na shoga wa darasani. Waliotafuta huduma walikuwa mmoja kati ya watano. Anayekaa kimya, basi, ndiye wa kawaida. Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu mtaalamu kutoa maoni mahakamani juu ya jambo la utaalamu wake, na Muhimbili kuna madaktari wa afya ya akili wanaoweza kumweleza hakimu kwa nini mtoto hunyamaza na kwa nini watu wengi hufungua kinywa baada ya kupata mtoto wao wa kwanza. Daktari wa mwili tunamwita kila siku. Huyu wa pili sijawahi kumwona kizimbani katika kesi hata moja niliyoifuatilia.

Sasa nije kwenye jambo linalonishangaza, nalo ni kwamba ucheleweshaji una upande wake mzuri kisheria na hakuna anayeutumia.

Chukua ushahidi wa mtoto. Kwa miaka mingi hakimu alitakiwa kwanza kumhoji mtoto wa miaka 14 au chini ili aone kama anaelewa maana ya kiapo na wajibu wa kusema kweli, na akikosea utaratibu huo, ushahidi wote ulikuwa unayumba kwenye rufaa. Marekebisho ya mwaka 2016 yakarahisisha: mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Nako kukawa na rufaa juu ya rufaa kuhusu ahadi hiyo ichukuliweje, hakimu aulize nini, aandike nini. Wapo watu waliotoka gerezani bila yeyote kusema mtoto alidanganya. Hakimu tu hakuandika mstari aliotakiwa kuuandika. Mtu wa miaka 30 hana tatizo hilo. Anashika Msahafu au Biblia, anaapa, basi. Na Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake katika makosa ya kujamiiana, ikiridhika na kuandika sababu kwamba anasema kweli tupu. Mahakama ya Rufani imeshasema pia kwamba ushahidi ulio bora wa kosa hili ni wa aliyetendewa. Ni kweli baadaye ilitahadharisha kwamba neno la mwathirika lisipokelewe kama aya, lipimwe. Sawa, lipimwe. Mtu mzima ndiye mwenye uwezo wa kupimwa: anakumbuka, anapanga, anaulizwa maswali ya kutega saa mbili na haombi kwenda kwa mama.

Au ichukue ile PF3 iliyomshinda afande. Tumeigeuza fomu hiyo kuwa kesi yenyewe, kiasi kwamba ikikosekana tunaona hakuna kilichotokea. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba kubaka kunaweza kuthibitishwa bila PF3. Na kwa jinsi PF3 zinavyoondolewa kwenye ushahidi kwenye rufaa, kwa sababu haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa au kwa sababu mshtakiwa hakuambiwa kuwa ana haki ya kutaka daktari aitwe, kesi isiyoitegemea ina udhaifu mmoja pungufu wa kuvunjiwa. Simwambii mtu achelewe kwenda hospitali, Mungu apishe mbali. Aliyefanyiwa leo aende leo, dawa za kuzuia VVU zina saa 72 tu. Nasema tu kwamba kwa aliyechelewa, sehemu ya daktari kubaki tupu haina maana kwamba jalada lifungwe.

Kinachotafutwa katika kesi ya zamani ni vitu vingine, navyo huwa vimelala kwenye masanduku. Umri kwanza. Kwa kuwa alikuwa na 9, tofauti kati ya 9 na 10 ni tofauti kati ya maisha na miaka 30, na mahakama haikubali umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka tu. Lazima mtu authibitishe. Cheti cha kuzaliwa yule dada alikipata RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, akiwa na miaka 24, kwa ajili ya mkopo wa chuo, na wakili wa upande wa pili atasema tarehe aliitaja mwenyewe. Tulimpigia mama yake. Alisafiri na basi la usiku kutoka Singida, akashuka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na cheti cha ubatizo, picha mbili, na kadi ya kliniki. Ile ya zamani, imekunjika mara nne mpaka mikunjo imekuwa matundu, uzito wa mtoto umechorwa kwa vidoti vya wino wa bluu unaopanda na kushuka, na juu, kwa mwandiko wa nesi ambaye huenda ameshastaafu, tarehe ya kuzaliwa. Mama aliitandaza juu ya meza kwa viganja viwili kama anayeondoa mikunjo kwenye kitambaa. "Mimi nilijua tu itakuja kutakiwa," alisema. Hakusema alijuaje.

Baada ya kadi kuna rejista ya shule, inayoonyesha mtoto alihamishiwa Mbagala lini na akaacha kuonekana darasani lini. Kuna binti wa jirani aliyekuwa akilala naye mkeka mmoja, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu Chanika. Na kuna jambo ambalo huniuma kila nikiliona: katika majalada ya namna hii, mara nyingi kuna mtoto wa pili. Mhusika aliyeachwa bila kushtakiwa mwaka 2004 hakukaa bure. Huyo wa pili akipatikana, kesi inaacha kuwa neno la mmoja dhidi ya neno la mzee anayeheshimika.

Wavulana nitawasema kwa ufupi, ingawa walistahili nusu ya makala. Kwa sheria yetu mvulana habakwi. Neno hilo ni la msichana na mwanamke. Yeye analawitiwa, na kifungu cha kulawiti kinamshika pia anayekubali kuingiliwa. Mtoto hahusiki na hilo, lakini nenda kamwambie kijana wa miaka 25, dereva wa bodaboda pale Tandika, kwamba aingie kituoni aseme kilichomtokea akiwa na miaka 11 na kwamba hakuna atakayemgeuzia kibao. Mmoja aliniambia: "Bro, nikisema hivyo hapa kijiweni mimi ndiye nimekwisha, siyo yeye." Mvulana 1 kati ya 7, kwa mujibu wa ule utafiti. Kijiwe chake kina pikipiki 14.

Kisha kuna miaka 30. Najua nitakachokisema hakitapendwa. Adhabu ile iliwekwa kwa nia njema mwaka 1998, na kwa mhalifu wa kichochoroni sina shida nayo. Ila ndani ya ukoo, miaka 30 ndiyo inayowageuza watu wote kuwa mawakili wa mshtakiwa. Shangazi hapigi hesabu ya haki, anapiga hesabu ya kodi ya nyumba. Kikao kinaitwa, wazee wanakaa, anatafutwa mjomba mwenye maneno matamu, linatajwa jina la marehemu babu. "Yaishie hapa hapa, tusimfunge mzee wetu." Shahidi muhimu anasahau. Anayeshitakiwa anaomba radhi kwa "lolote ambalo huenda lilitokea". Niliowasindikiza mimi, wengi wao hawakuja kutafuta mtu afungwe maisha. Yule dada alichotaka, alivyoniambia siku ya kwanza, ni shangazi yake aambiwe na mtu mwenye mhuri kwamba yeye si muongo. Sheria yetu haina chombo cha kumpa hicho bila kupitia kwenye kifungo, na pale ambapo njia ni moja tu na iko juu sana, watu wengi hubaki chini.

Hofu ya kubambikiwa kesi nayo ipo, na si ya kubuni. Nimeona shauri la kunajisi ambalo mwisho wake lilikuwa la kiwanja. Ndiyo maana nataka maelezo ya kurasa tatu, mtaalamu na rejista ya shule: vinamlinda asiye na hatia kuliko mstari mmoja wa "niliogopa" unavyoweza kumlinda yeyote.

Mahali ambapo sheria yenyewe inafunga mlango ni kwenye madai. Ukitaka kumdai fidia aliyekuumiza, au shule, bweni au nyumba ya ibada iliyomweka karibu nawe ikijua tabia zake, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inakupa miaka mitatu. Kwa mtoto saa inaanza kuhesabu anapotimiza miaka 18. Yaani inagonga akiwa na 21, umri ambao wengi bado wanalala nyumba moja na mhusika au wanasomeshwa naye. Waziri anaweza kuongeza muda, lakini si zaidi ya nusu yake: mwaka mmoja na nusu. Ni kweli mahakama ya jinai ikimtia mtu hatiani kwa kubaka inatakiwa imwamuru alipe fidia pia, ila hiyo inamgusa yeye mfungwa, na mfungwa wa maisha hana cha kukamatwa. Taasisi iliyomfuga inaendelea kupokea wanafunzi Januari.

Kenya wameonyesha kwa nini njia hii ina maana. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Nairobi, chini ya Jaji Mumbi Ngugi, iliwapa wanafunzi wawili wa kike shilingi za Kenya milioni 2 na milioni 3, zilipwe na mwalimu aliyewadhalilisha pamoja na tume iliyomwajiri na serikali. Mwalimu huyo alikuwa ameachiwa huru na mahakama ya jinai. Kipimo cha madai ni chepesi zaidi, na safari ile kilimfikia mwajiri. New York, Marekani, walipitisha sheria mwaka 2019 inayomruhusu aliyeumizwa utotoni kudai hadi afikishe miaka 55, na wakafungua dirisha la muda kwa wale ambao muda wao ulishapita. Lilipofungwa Agosti 2021 kesi zaidi ya 10,000 zilikuwa zimefunguliwa. Sisemi tuige namba 55. Nasema bunge linaloweza kukaa Dodoma na kubadili ushuru wa bia kila Juni linaweza kukaa siku moja na kuutazama huo mwaka wa 21.

Yule dada hana kesi ya madai. Alichelewa kwa miaka tisa bila kujua kwamba kuna saa iliyokuwa inahesabu. Alichonacho ni jalada la uchunguzi, kwa sababu afande, baada ya swali lake, alinyamaza kidogo, akaisukuma PF3 pembeni, akavuta karatasi nyeupe. "Haya. Tuanze hapo hapo. Kwa nini hukusema. Nieleze polepole, naandika." Waliandika mpaka saa kumi na nusu. Zikawa kurasa nne.

Tulitoka tukasimama kituoni kusubiri gari la Mbagala Rangi Tatu. Yalipita mawili yamejaa. Akaniuliza, "Kaka, ikifika mahakamani, na yeye atakuwemo?"

Nikamwambia atakuwemo, ila watu wengine wote watatolewa nje, na magazeti hayaruhusiwi kulitaja jina lake.

"Atakuwa amekaa au amesimama?"

Ilibidi nifikirie. Amekaa, nikamwambia. Kizimba cha mshtakiwa kina benchi. Shahidi ndiye anayesimama.